Jirani Husema Kabla ya Daktari

Tarehe 29 Novemba 2023, katika hospitali moja ya wanawake jijini Kampala, mama wa miaka 70 alijifungua pacha kwa upasuaji, wa kiume na wa kike. Hospitali ilitangaza yenyewe, vyombo vya habari vya dunia vikaidaka habari, na haikuchukua muda picha ikawa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ya kwaya, ya vikoba na ya waliosoma pamoja. Kila aliyeituma aliongeza neno lake. Mungu hashindwi. Umeona, dada? Wewe bado mbichi kabisa, usikate tamaa.

Ndani ya habari ile kulikuwa na jambo moja ambalo madaktari hawakulificha: mayai yaliyotumika hayakuwa ya yule mama. Yalichangiwa na mwanamke mwingine, yakarutubishwa maabara kwa mbegu za mwenzi wa yule mama, kisha viinitete vikawekwa kwenye mji wake wa mimba. Magazeti yaliliandika. Kwenye WhatsApp lilikuwa limeshadondoka.

Kwa msomaji wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa mwanamke wa miaka 42 anayejiuliza kama aanze matibabu mwaka huu au asubiri kwanza nyumba iezekwe, hilo ndilo habari yenyewe. Asipolijua, ataona ana miaka tele mbele yake. Akilijua, ataelewa kwamba mji wa mimba unaweza kubeba mtoto hata mwenye nao akiwa na mvi, ila yai halisubiri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, hayaongezwi mengine, na kadiri anavyokaribia miaka 40 yanapungua kwa wingi na kwa ubora. Nchini Uingereza, ambako mamlaka inayosimamia huduma hizi, HFEA, huchapisha matokeo kwa umma, takwimu za mwaka 2019 zilionyesha kuwa kwa wanawake walio chini ya miaka 35 wanaotumia mayai yao wenyewe, kila viinitete 100 vilivyorudishwa tumboni vilileta watoto wapatao 32. Kwa wenye miaka 43 na kuendelea, hawakufika 5.

Nimesikiliza hadithi za uzazi kwa miaka mingi, kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye shughuli za jikoni, kwenye daladala. Hizo ndizo zinazowatoa wengi nyumbani na kuwafikisha hospitali, na ni hizo hizo zinazowachelewesha wengine mpaka muda unawapita. Karibu kila moja hufika ikiwa pungufu, na kinachopungua ni kile kile: mama alikuwa na umri gani, tatizo lilikuwa nini, yai lilikuwa la nani, na alijaribu mara ngapi kabla ya mtoto huyu tunayemwona.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo katika kila ukoo, kila jumuiya, kila ofisi, yupo. Huyo, kabla hajaonana na daktari, ameshaonana na watu wengi. Mama mkwe amemwambia habari za mganga wa Tanga. Wifi amemwambia habari za kanisa fulani la Mbezi. Shoga yake amemwonyesha video ya mama anayelia kwa furaha akiwa amebeba kichanga. Akija kukaa mbele ya daktari anapewa dakika chache, karatasi ya vipimo na asilimia. Jirani alimpa jioni nzima, na chai juu yake. Si ajabu maneno ya jirani ndiyo anayoondoka nayo.

Hili limepimwa. Mwaka 2001 daktari na mtafiti wa Marekani, Peter Ubel, na wenzake walichapisha jaribio kuhusu ugonjwa wa moyo. Watu waliombwa wajifikirie kuwa ni wagonjwa, wachague kati ya upasuaji mkubwa wa mishipa na njia nyepesi ya kupanua mshipa kwa puto. Waliambiwa wazi kwamba upasuaji huwasaidia 75 kati ya 100, puto huwasaidia 50. Kisha wakapewa simulizi za wagonjwa, waliofanikiwa na wasiofanikiwa. Watafiti walibadilisha idadi ya simulizi za kila upande bila kugusa takwimu hata moja. Uchaguzi wa watu ukabadilika. Namba walikuwa nazo mkononi, lakini idadi ya simulizi ndiyo iliyowasukuma. Na hao walikuwa watu wasioumwa. Fikiria mwanamke ambaye kila mwezi anahesabu siku, kila mwezi anaumia upya.

Ila nisieleweke vibaya: bila hadithi, wengi wangekufa na aibu yao. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa nje ya tumbo la mama. Lesley, mama yake, mirija yake ilikuwa imeziba, na alikuwa amehangaika na mumewe miaka tisa. Waliofanya kazi ile walikuwa mwanasayansi Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na Jean Purdy, muuguzi aliyeendesha maabara. Makala zao za kitaalamu zilisomwa na wachache. Picha ya yule mtoto iliwafikia watu wa dunia nzima, na wanawake wenye mirija iliyoziba wakajua kwa mara ya kwanza kwamba wana pa kwenda. Leo watoto waliozaliwa kwa njia hii wamepita milioni 10. Nairobi ilipata wa kwanza wake mwaka 2006. Mwaka 2018 Michelle Obama aliandika katika kitabu chake cha maisha kwamba mimba iliwahi kumharibikia, na kwamba mabinti zake wawili aliwapata kwa kupandikizwa. Mke wa rais wa zamani wa Marekani akilisema hilo, mwalimu wa sekondari kule Njombe naye anapata ujasiri wa kumwambia dada yake.

Hadithi pia hujibu hofu ambazo takwimu haziwezi kuzijibu. Wapo wanaoamini kuwa mtoto aliyetungwa maabara hawezi kuja kuzaa. Louise Brown ana watoto wake, wa kwanza alizaliwa mwaka 2006, na alimpata bila matibabu yoyote. Mdogo wake Natalie, naye aliyetungwa maabara, alikuwa ameshamtangulia kuwa mama mwaka 1999. Mweleze hayo mama mkwe mwenye wasiwasi, ataelewa kuliko ukimsomea utafiti.

Kwa hiyo nguvu ipo. Swali ni inatupeleka wapi.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameniruhusu nieleze yake kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Aliolewa Morogoro akiwa na miaka 29. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza, mimba hakuna. Nyumba ya pili palikuwa na mama aliyekuwa amehangaika kama yeye, akaambiwa ana chango, akapewa dawa ya magome na mizizi, akanywa, akashika mimba. Mtoto yupo, anacheza uani, kila mtu anamwona. Mdogo wangu akaenda kwa mtu yule yule. Dawa ilikuja kwenye chupa za maji ya dukani zilizokwisha kutumika, rangi ya chai ya rangi iliyolala, chungu kiasi kwamba alikuwa akishika kipande cha muwa mkono wa pili. Chupa zikiisha anafuata nyingine. Baadaye ikaja ya kusafisha kizazi. Baadaye ya kuzibua mirija, ingawa hakuna aliyekuwa ameiangalia mirija yenyewe.

Alipokuja kupigwa picha ya mirija alikuwa ameingia miaka 35. Niliiona picha ile. Daktari aliibandika kwenye kisanduku chenye taa, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Mji wa mimba unaonekana kama pembetatu nyeupe, kwa kuwa dawa ya picha imeujaza. Kwenye pembe zake mbili za juu panatakiwa kutoka nyuzi mbili nyembamba zinazopinda kuelekea kando, na mwisho wa kila uzi dawa imwagike, itawanyike tumboni. Kwake nyuzi zilikuwa fupi kama kucha, zikaishia pale. Hakuna kilichomwagika, si kulia, si kushoto. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuugua tumbo la chini akiwa msichana. Akakumbuka homa moja ya chuoni, aliyoitibu kwa dawa za kununua dukani.

Huo ndio ugonjwa wetu mkubwa Afrika kusini mwa Sahara, na umejulikana tangu watafiti wa Shirika la Afya Duniani walipolinganisha mabara katika miaka ya 1980: maambukizi yasiyotibiwa, klamidia na kisonono, uchafu baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa kwa siri, huacha makovu kwenye mirija. Klamidia mara nyingi haina dalili. Mwanamke anaishi nayo bila kujua, mirija inaharibika kimyakimya. Hakuna mzizi unaofungua kovu la aina hiyo.

Je, jirani alidanganya? Hapana, na ndiyo maana hadithi yake ilikuwa na nguvu. Alikunywa, na alizaa. Ila tazama hesabu ambayo madaktari wa Uingereza huwapa wanandoa. Chukua wanandoa 100 wa kawaida, mke akiwa chini ya miaka 40, wanaokutana mara kwa mara bila kinga. Mwaka wa kwanza ukiisha, 84 hivi watakuwa wameshika mimba. Wanabaki 16. Mwaka wa pili, bila dawa yoyote, nusu ya hao nao watashika. Mwaka huo wa pili ndio watu wanaoanza kuhangaika, ndio wanaoanza kunywa, kupakwa mafuta na kufunga. Chochote watakachokuwa wanafanya mwezi ule mimba inapoingia kitapewa sifa. Muuza dawa anapata shuhuda za kweli kutoka kwa watu wa kweli, na wale ambao hawakupata hawarudi kumshuhudia chochote. Jirani alikuwa miongoni mwa waliohitaji muda tu. Mdogo wangu hakuhitaji muda. Muda ndio uliomgharimu.

Na mume wake? Hakuwa amepimwa. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwambia akapime, wala hakuna aliyemsimulia mwanamume aliyepima. Hapa hadithi zetu zina pengo kubwa kuliko pengine popote. Matatizo ya mwanamume yamo katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, ama peke yake ama pamoja na ya mke. Kipimo cha mbegu ni chepesi, hakina sindano wala mionzi, na bei yake ni nafuu kuliko karibu vyote vingine. Lakini kaa kijiweni kwenye kahawa kuanzia magharibi mpaka wauza samaki wafunge, hutasikia mtu akisema, "Jamani, mimi mbegu zangu zilikuwa chache, nikatibiwa." Utasikia ya ngiri, utasikia ya nguvu za kiume na supu ya pweza. Tangu mwaka 1992, walipozaliwa watoto wa kwanza kwa ufundi uliobuniwa Brussels, inawezekana kuchukua mbegu moja na kuiingiza ndani ya yai kwa sindano, hivyo hata mwenye mbegu chache sana ana nafasi. Maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki wangefaidika kwa kulijua hilo. Hawalijui kwa sababu waliofaidika wamenyamaza, na wake zao wamebeba lawama mbele ya ukoo ili kuwasitiri.

Nasikia pia shuhuda za ibadani, na hapa nasema kwa heshima, maana imani ndiyo iliyowashikilia wengi wasianguke. Mama anasimama Jumapili na mtoto mgongoni, anamshukuru Mungu baada ya miaka minane. Anasema kweli, anayeamini huona mkono wa Mungu hata kwenye maabara. Lakini hasemi kwamba alipandikizwa, kwa sababu anaogopa mtoto atatajwa vibaya, au kwa sababu kanisa lake lina msimamo wake. Kanisa Katoliki lilitoa waraka mwaka 1987 kupinga utungishaji wa nje ya mwili, na Mkatoliki anayefanya hivyo mara nyingi hufanya kwa siri. Kwa Waislamu wa Sunni, fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 na Sheikh Gad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa nchi hiyo wakati huo, iliruhusu matibabu haya kati ya mume na mke walio ndani ya ndoa, bila yai wala mbegu ya mtu wa tatu. Kwa hiyo aliyetumia yai la kuchangiwa, awe Zanzibar au Muscat, ana sababu nzito ya kulifunga jambo hilo moyoni. Haki yake. Lakini mwanamke wa kiti cha nyuma aliyesikia ushuhuda uliopunguzwa anarudi nyumbani anafuta miadi ya kliniki, akisubiri na yeye siku yake, na ana miaka 39.

Tuingie sasa ndani ya kliniki, maana hata mtu akishaanza matibabu hadithi hazimwachi. Zinazidi.

Kwanza ni sindano. Kwa siku kama kumi hivi anajichoma homoni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Nyingi ya dawa hizo hutakiwa kukaa kwenye ubaridi, na mwanamke anayeishi na ndugu wa mume hataki kiboksi cha dawa kionekane kwenye friji. Mmoja alinionyesha alivyokuwa akificha chake: ndani ya kopo la siagi lililooshwa, chini ya mfuko wa mchicha, na kila umeme ulipokatika alikuwa akiwaza LUKU kuliko alivyowaza sindano yenyewe. Kisha mayai yanatolewa, yanarutubishwa, na siku ya tatu au ya tano kiinitete kinarudishwa tumboni. Hapo zinaanza wiki mbili za kusubiri kipimo cha damu, na katika wiki hizo mbili mgonjwa anaongozwa na benchi kuliko na daktari.

Benchi linasema lala. Usiinuke, usioge maji ya moto, usipande ngazi, mimi nililala siku kumi na nne chali nikapata. Wapo wanaokodi chumba karibu na hospitali wakalala wiki mbili nzima, wengine wameacha kazi kwa ajili hiyo. Utafiti uliofanywa juu ya jambo hili hauonyeshi faida yoyote ya kulala, na miongozo ya wataalamu inashauri mgonjwa aendelee na shughuli zake za kawaida. Kiinitete hakidondoki kwa kutembea. Lakini aliyelala na akapata anasimulia kulala, na aliyelala na asipate hukaa kimya, au huambiwa kwamba hakulala vizuri.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kukwangua utando wa ndani wa kizazi kabla ya kupandikiza. Kwa miaka kadhaa ilienea duniani kwamba kukwangua kidogo kunasaidia kiinitete kishike. Tafiti chache za awali zilitoa matumaini, wagonjwa waliofanikiwa wakasimulia, wengine wakaenda kwa madaktari wao kudai wafanyiwe, na kliniki zikafanya na kutoza. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Auckland, New Zealand, likiwa na wanawake 1,364. Waliokwanguliwa waliopata mtoto walikuwa asilimia 26.1. Wasiokwanguliwa, asilimia 26.1. Tofauti hakuna. Maumivu yalikuwa ya kweli, na fedha zilizolipwa zilikuwa za kweli.

Kuna na hadithi ya pacha. "Mwambie daktari akuwekee vitatu, upate wawili umalize." Ninaielewa: gharama ya awamu moja ni mamilioni ya shilingi, bima nyingi haziigusi, nani asingetaka wawili kwa bei ya mmoja? Ila mimba ya pacha huja na hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, na watoto kuzaliwa njiti, na aliyewahi kukaa wodi ya njiti akisubiri gramu zipande anajua kwamba picha ya nguo mbili zinazofanana haionyeshi yote. Ubelgiji iliamua mwaka 2003 kuwalipia wagonjwa hadi awamu sita, kwa sharti kwamba idadi ya viinitete vinavyorudishwa iwe na mipaka, na mimba za pacha zikashuka sana. Pale serikali ilipobeba gharama ndipo watu wakaweza kusikiliza ushauri. Kwetu mgonjwa anabeba mwenyewe, kwa hiyo hadithi ya pacha itaendelea kushinda.

Rudi sasa kwenye zile takwimu za Uingereza. Viinitete 100, wanawake chini ya miaka 35, umri mzuri kuliko wote, maabara nzuri, watoto 32. Maana yake, vikirudishwa kimoja kimoja, mara 68 mwanamke alirudi nyumbani bila mtoto. Hizo 68 ziko wapi kwenye hadithi zetu? Huzioni kwenye kurasa za Instagram za kliniki, zilizojaa vichanga vilivyofungwa kwenye mashuka meupe. Husikii ibadani. Kwenye benchi wapo, wamekaa pembeni yako, lakini wanasikiliza tu. Aliyekosa anaona hana la kusema, na sisi tunaomzunguka hatumuulizi, tukidhani tunamwonea huruma. Matokeo yake anayeanza anaanza akiamini kwamba inakubali kwa kila mtu, na isipokubali mara ya kwanza anaona kasoro ni yake: alibeba ndoo, aligombana na mumewe, hakuomba vya kutosha. Wengine huacha baada ya mara moja ilhali walikuwa na nafasi nzuri mara ya pili. Wengine huuza kila kitu kwa mara ya nne ilhali tangu ya pili hesabu ilishaonyesha kwamba haiwezekani.

Uingereza mgonjwa anaweza kufungua tovuti ya HFEA akatazama matokeo ya kliniki anayoifikiria. Kwetu hakuna daftari la namna hiyo lililo wazi kwa mgonjwa, na naona ni deni kubwa la serikali zetu, sasa ambapo huduma imefika mpaka hospitali za umma. Mpaka hapo mgonjwa aulize mwenyewe, na aulize watoto walio hai, maana kliniki ikisema asilimia fulani ya mimba huenda inahesabu vipimo vilivyosoma, na baadhi ya mimba hizo huharibika. Aulize kwa umri wake. Daktari asiyeweza kujibu hayo kwa utulivu hajafanya kazi yake yote.

Na daktari naye ana la kuuliza. Ningependa kila mmoja aanze kwa kumwambia mgonjwa: mama, umesikia nini kuhusu tatizo hili, na kwa nani? Mgonjwa akiambiwa hadithi za jirani ni upuuzi, atanyamaza, ataendelea kunywa dawa kwa siri huku akichoma sindano. Akisikilizwa, hadithi inaweza kukamilishwa: huyo jirani mirija yake ilikuwa wazi, yako imeziba, huyo dada alikuwa na miaka 28, wewe una 41, kwa hiyo tufanye hivi.

Mdogo wangu na mume wake waliuza kiwanja wakafanya awamu mbili. Mume alipimwa hatimaye, yuko salama. Ya kwanza alitoa mayai saba, vikapatikana viinitete vitatu, viwili vikarudishwa, havikushika. Cha tatu kiligandishwa na hakikuamka. Ya pili yalipatikana mayai manne, kiinitete kimoja, kikashika, na mimba ikaharibika wiki ya tisa. Wakakaa, wakahesabu, wakaacha. Kwa muda mrefu hakutaka kuzungumza na mtu. Siku hizi huzungumza, tena anataja kila kitu kama nilivyokiandika hapa, umri, idadi ya mayai, wiki, fedha.

Miezi michache iliyopita, kwenye shughuli ya jikoni ya jamaa yetu, tulikuwa tunachambua mchele, msichana mmoja akamsogelea akamuuliza taratibu. Alikuwa na miaka 31, ndoa ya miaka mitatu. Mdogo wangu akamweleza yote, bila kuruka kitu. Yule msichana akakaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo dada, unaniambia nisiende?"

"Nakwambia nenda," mdogo wangu akamjibu. "Mimi nilikwenda nina thelathini na tano, mirija imeziba. Wewe hujui hata yako ikoje. Kapige picha. Na mumeo aende siku hiyo hiyo, apime."

"Hatakubali."

"Basi mlete kwangu Jumapili, azungumze na shemeji yako. Yeye alipima."

Walikuja wote wawili.